Atakayetutoa atutoe kwa mpira

Haya ni maneno niliyoyasema Wete kwenye mkutano wa viongozi na wachezaji wa timu zetu za madaraja ya chini. Wengi hawakuwahi kufika, wengine walikuwa safarini na wengine kwenye karafuu, wameomba niyaweke yote, basi nayaweka kama yalivotoka mdomoni.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, sheha wetu, viongozi wa timu, mama zetu mliokuja kusikia watoto wenu wanazungumziwa nini, na nyinyi vijana mliokaa huko nyuma na jezi zenu, ahsanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumze kuhusu kombe la mtoano, lile kombe la shirikisho letu la mpira la Zanzibar ambalo ukifungwa mara moja tu basi, unakunja jezi unarudi kwenu. Nina jambo moja tu leo. Nitalizunguka huku na huku lakini ni hilo hilo moja: atakayetutoa atutoe kwa mpira. Asitutoe kwa nauli. Asitutoe kwa karatasi. Asitutoe kwa woga.

Nianze na nauli, mana ndo inayouma zaidi kwa sisi watu wa Pemba.

Hili kombe la mtoano walilianza Waingereza, msimu wa 1871 kuingia 1872, timu zilizojiandikisha zilikuwa 15 tu. Kombe lenyewe lilinunuliwa kwa pauni 20, na mmoja wa waliochangia pesa ya kulinunua ilikuwa ni timu ya Glasgow huko Scotland inaitwa Queen's Park. Sasa sikilizeni. Queen's Park wakafika nusu fainali, wanatakiwa waende London kucheza na Wanderers, mbali, treni, pesa hawana. Watu wa mji wao wakachangishana wakawapeleka. Wakacheza, dakika zote zikaisha 0-0. Wakati huo hakuna matuta, yani kupigiana penalti, sare maana yake mechi irudiwe siku nyengine. Na kurudia maana yake ama ukae London ukilipia malazi ama urudi kwenu uje tena, na pesa ndo ile ile imeshakwisha. Queen's Park wakajitoa. Hawajafungwa hata goli moja wallahi! Wanderers wakapita bure, wakaenda fainali tarehe 16 Machi 1872 wakawafunga Royal Engineers 1-0, wakabeba kombe.

Mmeona? Mwaka wa kwanza kabisa wa kombe la mtoano la taifa duniani, timu ilitolewa na nauli.

Na sisi je? Nani hapa hajawahi kukaa kwenye kamati usiku, mnahesabu vichwa, wachezaji kumi na nane, kocha, meneja, daktari wa timu ambaye mara nyingi ni kijana tu mwenye mkoba wa barafu, mnahesabu gari la kutoka Wete mpaka Mkoani, tiketi ya boti kwenda, tiketi ya kurudi, pa kulala Unguja, chai ya asubuhi, chakula cha mchana, alafu mnaangaliana? Nani hajawahi kuona timu inapunguza wachezaji wanne ili hesabu itimie, na wale wanne wanabaki gatini wanawapungia wenzao? Mnapunguza beki wa akiba, mnapunguza kipa wa pili, kisha kipa wa kwanza anaumia dakika ya ishirini na anakwenda golini mtu wa kiungo. Hapo tumefungwa na timu gani? Hapo tumefungwa na nauli.

Wapo watakaosema ndo hali ya visiwa, bahari ipo tangu zamani utafanya nini. Mimi nakataa. Wafaransa kombe lao la mtoano walilianza 1917, na ndani yake zinaingia timu za visiwa vyao vya mbali, vyengine viko bahari yetu hii hii ya Hindi, Mayotte na Réunion. Mayotte tunaijua, ni hapo kwa jirani zetu Wangazija. Zinacheza kwanza huko huko visiwani kwao mpaka apatikane mshindi, ndo anavuka kwenda kukutana na timu za bara. Januari 2020 timu ya JS Saint-Pierroise ya Réunion ilisafiri zaidi ya kilomita elfu tisa, ikaenda kucheza na Niort, timu ya ligi ya daraja la pili Ufaransa, tena nyumbani kwa Niort, na ikashinda 2-1. Timu ya kisiwani! Na ni klabu hiyo hiyo ambayo Roger Milla alikuwa akichezea kabla hajaitwa tena Cameroon kwenda Kombe la Dunia 1990, watu walidhani mzee ameshamaliza, ametulia zake kisiwani, akaenda Italia akafunga magoli manne. Kisiwa hakimzuii mtu. Kinachomzuia ni utaratibu unaomfanya kila siku yeye ndo wa kusafiri.

Na hapa nataka viongozi mnisikilize vizuri. Ufaransa wana kanuni moja nzuri sana. Droo ikipangwa, ukiwa umemzidi mwenzio madaraja mawili au zaidi, wewe mkubwa ndo unamfuata kwake. Hata kama droo imekutaja wewe kwanza. Ujerumani nao raundi ya kwanza timu za chini ndo zinazocheza nyumbani, timu kubwa inapanda basi inakwenda mji mdogo, uwanja mdogo, watu wamepanda mpaka kwenye uzio. Tarehe 1 Novemba 2023 Bayern Munich, Bayern hawa hawa tunaowajua, walikwenda kwa Saarbrücken ya daraja la tatu wakafungwa 2-1, goli la pili likaingia dakika za nyongeza. Ile mechi ingechezwa Munich ingekuwaje? Mnajua wenyewe.

Kwa nini mkubwa asije kwenye uwanja wetu wa Finya hapa Wete? Nauliza. Hawa wa ligi kuu kutoka Unguja, kwa nini KMKM asije Finya, kwa nini JKU asije, kwa nini Mlandege asije na ubingwa wake akakuta mtaa mzima umesimama? Wao wana uwezo wa kusafiri kuliko sisi. Wana basi, wengine wana mwajiri, wana wachezaji wanaolipwa kila mwisho wa mwezi. Sisi tuna kijana anayeshuka juu ya mkarafuu saa tisa akaoge aje mazoezini. Nani kati ya hawa wawili ampelekee mwenzake mechi?

Tena hapa pana pesa jamani, tusione haya kuitaja pesa. Mwaka 2005 huko Uingereza timu ya Exeter City, ipo nje kabisa ya madaraja manne ya juu, madeni yamewafika shingoni, klabu inakaribia kufa, wakapangwa na Manchester United kwenye uwanja wa Old Trafford. Wakatoka 0-0. Kwa kanuni ya wakati ule mechi ikarudiwa nyumbani kwa Exeter, wakafungwa 2-0 na wakatoka, lakini mapato ya zile mechi mbili ndo yaliyowasaidia kutoka kwenye madeni na klabu ipo mpaka leo. Mana kombe lile mapato ya mlangoni wanagawana, mwenye nyumba hachukui peke yake, mgeni ana fungu lake sawa na la mwenyeji. Kuanzia msimu wa 2024 kuingia 2025 Waingereza wamefuta zile mechi za kurudiwa kuanzia raundi ya kwanza kubwa kwa sababu timu kubwa zinasema ratiba imejaa, na timu ndogo zimelalamika sana, na mimi nasema zina haki ya kulalamika. Mkubwa anapopunguziwa mechi moja anapumzika. Mdogo anapoikosa mechi moja anakosa paa la jukwaa, anakosa mipira ya mazoezi, anakosa mwaka mzima.

Na fainali pia. Kombe la shirikisho la kule bara mnaliona wanavolizungusha? Lilirudishwa msimu wa 2015/16, na tangu hapo fainali imekwenda Dodoma, Arusha, Lindi, Sumbawanga, Kigoma, Tanga. Mwaka 2021 Simba na Yanga walicheza fainali Kigoma, Simba akashinda 1-0, hebu fikiri mtu wa Kigoma aliyekuwa akiisikia hiyo gemu redioni miaka yote, siku hiyo amekwenda na mwanawe kwa miguu. Alafu wakavuka bahari wakaja kwetu, 2024 Yanga na Azam uwanja wa New Amaan Unguja, dakika mia na ishirini hakuna goli, ikaamuliwa kwa matuta, na 2025 Yanga na Singida Black Stars hapo hapo New Amaan. Kama fainali ya bara inavuka bahari kuja Unguja, fainali yetu wenyewe haiwezi kuvuka kuja Gombani, Chake Chake, kwa zamu? Uwanja upo. Watu wapo. Januari 2025 Kombe la Mapinduzi lilichezwa Gombani, mwaka ule la timu za taifa, na tarehe 13 Januari Zanzibar Heroes wakamfunga Burkina Faso 2-1 kwenye fainali mbele yetu, na kila aliyekuwepo anajua Chake siku ile ilikuwaje. Hakuna mtu atakaeniambia tena Pemba hakujai.

Basi, nauli nimemaliza. Sasa nigeuke kwetu wenyewe, mana haitokuwa haki niwaseme walioko juu nikaacha yetu.

Karatasi.

Ligi ni msimu wa karafuu, leo mvua ikikunyeshea kesho utaanika, mbele kuna jua. Mtoano hauna kesho. Jina moja limekosewa kwenye fomu, kijana mmoja ana kadi mbili za njano hazikuandikwa na katibu, mmemchezesha, mmeshinda uwanjani mmebebana mpaka barabarani, na siku ya tatu inakuja barua. Ipo timu humu Pemba, sitoitaja, iliwahi kushinda mechi ya kombe kwa goli safi ambalo mpaka leo watu wanalisimulia barzani, na raundi iliyofuata wakacheza wale waliofungwa. Kwa sababu ya usajili tu. Wale vijana hawakukosea kitu, walikimbia dakika tisini. Waliowatoa ni sisi viongozi.

Na sisi Wazanzibari somo la karatasi tumelipata kwa uchungu. Machi 2017 CAF, shirikisho la mpira la Afrika, walitupokea kuwa mwanachama kamili, watu tukashangilia, Julai mwaka ule ule wakatufuta, wakasema nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili. Miezi minne tu. Hatukufungwa na mtu uwanjani. Lile lilikuwa juu ya uwezo wetu sisi tuliokaa hapa. Lakini fomu ya usajili ya timu yako, buku la kadi, cheti cha kuzaliwa cha mchezaji, leseni ya kocha, hivyo viko juu ya uwezo wa nani? Kila timu imtafute mtu mmoja anayejua kusoma kanuni na mwenye subira, awe mwalimu wa skuli, awe karani, awe dada wa mchezaji aliyemaliza kidato cha sita, apewe kazi hiyo moja tu na aheshimiwe kwayo. Asibebeshwe na maji ya kunywa.

Haya, woga.

Vijana, hapa naongea na nyinyi.

Ufaransa tena, mwaka 2000. Timu ya Calais, mji wa bandari, timu ya ridhaa, daraja la nne, wachezaji wana kazi zao, asubuhi wanakwenda kazini jioni wanakwenda mazoezini. Wakaanza kutoa watu. Wakamtoa Lille, wakamtoa Cannes, wakamtoa Strasbourg. Nusu fainali wakapangwa na Bordeaux, na Bordeaux ndo alikuwa bingwa wa nchi msimu uliopita, wakamfunga 3-1 katika dakika za ziada. Wakaenda fainali Stade de France, tarehe 7 Mei, na Nantes, tena wao ndo waliotangulia kufunga! Nantes wakasawazisha, na dakika za mwisho kabisa wakapata penalti, 2-1, basi. Calais wakakosa. Lakini wakati wa kupewa kombe nahodha wa Nantes, kipa Landreau, akamwita nahodha wa Calais wakalinyanyua pamoja. Hebu jiulizeni, nahodha wa bingwa kwa nini afanye vile? Kwa sababu alicheza nao dakika tisini na alijua kilichowatenganisha ni penalti moja.

Hao walitolewa na mpira. Hilo nalikubali, ndo ninalolitaka. Ukitolewa hivo unarudi kwenu na kichwa chako kiko juu.

Na msiseme hiyo ni Ulaya. Mlandege ni Ulaya? Januari 2023 fainali ya Mapinduzi, Mlandege 2 Singida Big Stars 1. Mwaka uliofuata watu wakasema ile ilikuwa bahati, safari hii mbele yao ni Simba, Simba mwenye wachezaji kutoka nchi ngapi sijui, na Mlandege wakamfunga Simba 1-0 New Amaan, tarehe 13 Januari 2024. Mara mbili mfululizo. Bahati haiji mara mbili kwa tarehe ile ile.

Kitu gani kinawaua vijana wetu kabla ya mechi? Jina. Mtu anasikia amepangwa na timu kubwa, wiki nzima anazungumzia jina, anaingia uwanjani miguu mizito, dakika ya kumi wamefungwa mbili, dakika ya sabini ndo wanazinduka kumbe hawa nao wanachoka, kumbe beki wao wa kulia hageuki. Dakika sitini zimepotea. Kocha, kazi yako wiki ile ni kuhakikisha wanazinduka kabla ya filimbi ya kwanza.

Na matuta tuyafanyie mazoezi. Wapo wanaosema matuta ni kamari. Si kamari hata kidogo. Zamani ndo ilikuwa kamari kweli, nusu fainali ya Ulaya 1968 Italia na Umoja wa Kisovieti walitoka sare wakarusha sarafu, Italia wakapita kwa sarafu na wakaenda kubeba kombe, ndo mwaka 1970 matuta yakaingizwa kwenye sheria. Yaliletwa ili mchezaji aamue. Sisi tunayakumbuka ya Machakos kule Kenya, Disemba 2017, kombe la Challenge la Afrika Mashariki na Kati, Heroes walivotutia moyo, walimfunga Tanzania Bara, wakamfunga Uganda nusu fainali, fainali na Kenya 2-2 ugenini, tukaja kuangukia kwenye matuta 3-2. Nakumbuka watu walivotoka kimya kwenye mabanda ya mpira usiku ule. Sasa mimi nawauliza makocha waliopo hapa, timu yako ina wapigaji watano unaowajua kwa majina leo? Kipa wako anajua yule straika wa timu pinzani anapenda upande gani? Kila Ijumaa baada ya mazoezi, wakiwa wamechoka, miguu inatetemeka, ndo wapige. Wasipige wakiwa wamepumzika, mana siku ya siku hawatokuwa wamepumzika.

Kwa nini nayasema yote haya kwa timu za daraja la kwanza na la pili? Kwa sababu nyuma ya kombe hili kuna mlango. Bingwa wa ligi yetu anakwenda Ligi ya Mabingwa Afrika, bingwa wa kombe la mtoano anakwenda Kombe la Shirikisho Afrika. Ligi huwezi kuibeba bila pesa ya msimu mzima, tuambizane ukweli. Kombe ni mechi chache. Tazameni Namungo ya Ruangwa, mkoa wa Lindi, mwaka 2020 walifika fainali ya kombe la bara wakafungwa na Simba 2-1 Sumbawanga, lakini Simba alikuwa ameshabeba na ligi, nafasi ya Afrika ikawaangukia wao, na wakaenda wakafika mpaka hatua ya makundi. Na huko Afrika pia si pa kwenda kutalii. Kipanga wetu 2022 walimzuia Club Africain ya Tunisia 0-0 mechi ya mwanzo, sote tukapata matumaini, kule Tunis wakala goli saba. Ndo mana nasema tuanze kuzoea gemu kubwa hapa hapa kwetu, Finya, Gombani, mbele ya watu wetu, ili kijana wa Wete asikutane na kishindo kwa mara ya kwanza akiwa Tunis.

Sasa tufanye kazi. Barua kwa shirikisho ipo pale mezani kwa katibu wa mkutano. Imeomba mambo mawili: timu ya daraja la chini ikipangwa na timu ya ligi kuu mechi ichezwe kwa yule wa chini na mapato ya mlangoni wagawane, na fainali iwe na zamu inayojulikana ya kuja Gombani. Lugha yake ni ya heshima, haikumtukana mtu. Kila timu isaini na mhuri wake, timu isiyokuwa na mhuri mwenyekiti aandike jina na aweke dole gumba. Mwenye la kuongeza aliseme sasa hivi, mana adhana ya magharibi imekaribia na barua inaondoka na boti ya kesho asubuhi.